Maoni Kabla ya Ukurasa wa Mwisho

Pana desturi iliyokita mizizi miongoni mwa wanafunzi wa fasihi, nayo ni kukinyamazia kitabu hadi kiishe. Anayeulizwa anaionaje riwaya aliyo nayo mkononi hujibu kwa haraka kwamba hajaimaliza, kana kwamba amedaiwa deni. Akiisha kuimaliza, aghalabu huwa amekwisha kupitia mwongozo, tahakiki mbili tatu na daftari la mihadhara. Maoni anayoyatoa basi ni ya watu wengine yaliyoazima sauti yake. Yale aliyoyahisi alipokuwa katikati ya kitabu, akimchukia huyu na kumhofia yule, huwa yamekwisha kufutika.

Ajabu ni kuwa wanafunzi hao hao hufundishwa kwamba hadhira ya fasihi simulizi haingoji. Fanani akisema "Paukwa!" hujibiwa "Pakawa!" kabla hajasimulia lolote. Ngano ikiendelea, wasikilizaji huitikia wimbo, huguna, hucheka, na watoto humwonya mhusika asiende kwa zimwi. Hakuna mtoto anayeambiwa asubiri tamati ndipo aruhusiwe kuogopa.

Kikundi kimoja cha wanafunzi wa uzamili kilijaribu kuivunja desturi hiyo. Walikuwa watano, wakikutana Ijumaa jioni katika chumba cha bweni, kwa chai na mandazi. Sharti lilikuwa moja tu: wote wasome hadi sura ile ile, na aliyewahi kukisoma kitabu afunge kinywa kuhusu mwisho wake. Walianza na Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi (1944–2020) iliyotoka mwaka 1974.

Walipofika katikati, Kazimoto hakuwa na mtetezi. Manase amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Naye Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, anaazimia kulipiza kisasi kwa kumwendea Sabina, dada yake Manase. Mmoja wa wasomaji wale alisema kwamba huyu ni msomi mwenye kiburi anayewadharau waliomlea. Mwingine alihamaki kuhusu Sabina: amemkosea nani hata awe sarafu ya kulipia madeni ya wanaume? (Swali hilo lilistahili jioni nzima, na kwa kweli lilipewa jioni nzima.)

Msichana aliyekuwa ameketi kando ya dirisha alinyamaza kwa muda mrefu. Hatimaye alisema kuwa yeye haoni kiburi, anaona uchovu. Alisema anaijua namna hiyo ya kuzungumza, kwa sababu kaka yake alirudi nyumbani na shahada, akakosa kazi, na sasa kila anapoulizwa jambo hujibu kwa dhihaka. Nyumbani wanasema masomo yamempa kiburi. Wenzake hawakumjibu. Usiku ule alimpigia kaka yake simu, wakaongea kuhusu mpira na bei ya mahindi mpaka salio likaisha.

Wakati huo msichana yule hakuwa anajua kwamba Kazimoto, baada ya kumwoa Sabina, hatimaye anajiua. Walifika hapo majuma mawili baadaye. Aliyesema kiburi alikiri, kwa shingo upande, kwamba hakuliona lile wingu likijikusanya. Aliyemtetea Sabina hakulegeza msimamo wake hata kidogo, wala hakuna aliyemtaka aulegeze.

Muhula ulipoelekea ukingoni, msichana yule aliyatia maoni yake katika makala ya semina. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa ni mhakiki yupi aliyesema hayo. Hakuwa naye. Akaiondoa aya ile, akaweka aya mbili za udhanaishi zenye manukuu ya kutosha, akapata alama nzuri.

Udhanaishi haukuwa kosa. Ni vigumu kuizungumzia Kichwamaji bila kuugusa, na mhadhiri ana wajibu wa kudai ushahidi. Lakini istilahi hiyo humtazama Kazimoto kutoka ukurasa wa mwisho, mahali ambapo kifo chake kimekwisha kuwa maudhui. Msomaji aliye katikati hajui kama atakufa, na kwa hivyo bado anaweza kumhofia. Hofu hiyo nayo ni ushahidi kuhusu jinsi riwaya inavyofanya kazi: namna inavyoficha, inavyodokeza, inavyomfanya msomaji amhukumu mtu mapema. Ikiachwa mpaka kitabu kiishe, haipatikani tena, hata kwa kurudia kusoma, kwa kuwa anayerudia tayari anajua. Makala ya semina yangeweza kuipa nafasi hofu hiyo kwa kuitajia sura na tukio lililoizua, kisha mhakiki akafuata.

Nakala waliyoitumia ilikuwa ya maktaba, imelegea mgongo. Pambizoni mwake msomaji fulani wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli, jambo ambalo mkutubi hangelifurahia. Mahali pa kisasi ameandika, "Mjinga huyu!" Kurasa kadhaa mbele, kwa mwandiko ule ule, ameandika, "Maskini." Baada ya hapo hakuna alama tena, ingawa kurasa zimechakaa hadi mwisho.