Kabla ya kuitupa waya ya kupimia gari



Wengi wetu hapa Kampala tunaendesha magari yaliyokwisha tumika, na taa ya injini inapowaka tunakuwa mikononi mwa fundi. Gereji moja ilitutaka tubadilishe kompyuta nzima ya injini ya Golf yetu kuukuu. Bei yake ilikaribia karo ya watoto wawili kwa muhula. Tulitaka kwanza kusoma gari lenyewe linasema nini, lakini waya yetu ya kupimia ilikuwa na hitilafu: laptop inaiona, gari halijibu.

Hali hiyo yenyewe ni dalili. Waya yetu ina kijisanduku katikati. Upande wa USB hupata umeme kutoka kwenye laptop, na upande wa pili kutoka kwenye betri ya gari, kupitia tundu lenye nafasi za pini 16. Pini ya 16 ni umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni hasi, na ya 7 hubeba mawasiliano katika Golf za zamani. Basi laptop ikiiona waya na gari lisiitike, anza kutafuta upande wa gari.

Tulipima tundu la gari kwa mita: volti 12 zipo. Kisha tulichomoa waya pande zote, tukafungua plagi na kijisanduku, tukapima uzi mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi wa pini ya 16 haukuifanya mita ilie. Ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake, pale waya inapojikunja kuingia kwenye plagi, na kwa nje huoni kitu. Kijana wetu anayesomea ufundi alikata sehemu mbovu, akaulehemu na kuufunga tepu ya umeme.

Gari likajibu: P0102, yaani ishara ya sensa ya hewa iko chini mno. Namba hiyo haisemi "nunua sensa", sembuse kompyuta. Inaonyesha pa kuanzia tu. Tulipoangalia, plagi ya sensa ilikuwa imelegea. Tuliibana, tukafuta namba, na taa haijawaka tena, alhamdulillah.

Wazazi, kabla ya kulipia kifaa cha ghali ombeni mwonyeshwe namba iliyosomwa na kipimo kilichofuata. Nanyi wanafunzi wa ufundi, mali ya mteja ni amana. Msiibahatishie.