Kuku wa Singida hasomi nukuu

Wadau, wanasayansi wana kipimo kinaitwa faharasa ya h. Alikileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 20 ambazo kila moja wenzako wameinukuu mara 20 au zaidi, basi h yako ni 20. Siku hizi mtafiti anapimwa kwa namba hiyo.

Mimi mtoto wa Singida hainitoshi. Kwetu kuku wa kienyeji ndiye ada ya shule. Mdondo ukiingia bandani, kuku hakuna na ada hakuna.

Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na wenzake walitengeneza chanjo ya mdondo iitwayo I-2. Inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida, kwa hiyo inafika hata kijiji kisicho na friji. Tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi mitatu hivi. Mbegu yake ilitolewa bure kwa maabara za nchi zinazoendelea, na hapa Tanzania ikazalishwa Temeke.

Makala za Spradbrow utazihesabu. Lakini mama wa Iramba anayemshika kuku na kumdondoshea tone hamnukuu mtu. Kwenye hesabu hayumo.

Sisemi nukuu zifutwe. Zinaonyesha kazi imepita mbele ya macho ya wanaoijua. Ila jamani, mtafiti wa mifugo akiomba kupandishwa cheo, aulizwe na hili: vijiji vingapi vinachanja kwa sababu yako? Au mnasemaje?