Kabla ya Saa Mbili

Dona alikuwa na sheria moja kuhusu tramu ya 28: ukiipanda baada ya saa mbili asubuhi, usimlaumu mtu.

Nilikodi chumba kwake mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, ghorofa ya tatu, mtaa wa Graça, juu kabisa ya mojawapo ya vilima vya Lisbon. Alikuwa na miaka themanini na moja na magoti yaliyokwisha kukataa ngazi. Kireno changu kilikuwa cha kubahatisha. Siku aliponionyesha chumba, aligonga meza akasema mesa, akapapasa foronya akasema fronha, akanionyesha kopo la kuwekea mswaki akasema copo. Nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaikalia miaka mia na ushei, na walipong'olewa walituachia mizinga na majina ya vyombo vya nyumbani. Sikujua ningekuja kuyasikia majina hayo kwa mwenye nyumba wangu.

Wiki yangu ya kwanza nilipanda tramu hiyo kama mgeni yeyote. Nilipanga foleni pale Martim Moniz saa nne asubuhi, karibu saa nzima juani, nikaingia nimebanwa kama dagaa. Simu mkononi, begi nimelikumbatia kifuani kwa sababu kila mtu alinionya juu ya wachomozi. Kwenye kona moja ya Graça nikampiga picha bibi mmoja aliyekuwa dirishani anaanika nguo. Ilitoka vizuri. Niliiweka mtandaoni, ikapendwa na watu wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Baada ya mwezi mmoja nilikuwa namsalimia bibi huyo kila asubuhi. Ni jirani yetu wa nyumba ya pili. Sikuwahi kumwambia.

Watu hudhani magari yale ya njano yamebakizwa kwa urembo. Sivyo. Mengi yake yalijengwa miaka ya 1930, na miaka ya 1990 yakapewa mota na breki mpya ndani ya mwili uleule wa zamani. Yamebaki kwa sababu njia yenyewe haikubali kitu kingine: mlima ni mkali, kona ni za ghafla, na sehemu za Alfama ni nyembamba kiasi kwamba reli inabaki moja, tramu moja inasubiri nyingine ipite, na mtu wa miguu hujibana ukutani. Tramu ndefu za kisasa haziwezi kupinda humo. Kwa hiyo gari fupi lenye viti ishirini hivi hubeba wakaazi wa vilima kadhaa, na kwa bahati mbaya yao gari hilohilo limo katika kila kitabu cha mwongozo wa watalii.

Dona aliihitaji kila Jumanne. Alikuwa akienda Prazeres, kituo cha mwisho upande wa pili wa mji, ambako mumewe amezikwa. Prazeres maana yake starehe, na makaburi hayo, yaliyoanzishwa mwaka 1833 wakati wa kipindupindu, yalirithi jina hilo kutoka kwa kikanisa cha Bikira Maria. Dona aliliona jina hilo kuwa la haki. Mume wake, alisema, hakupata starehe kwingine.

Nilianza kumsindikiza mwezi wa Novemba kwa sababu mvua ilikuwa imelowesha mawe ya barabarani, na mawe ya Lisbon yakilowa huteleza kama sabuni. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, giza bado. Ndani ya tramu: wafagizi wawili wanatoka kazini, mwanamke mwenye sare ya hospitali, mzee mwenye gazeti. Kadi ikilia pii. Mbao zikilalamika kwenye kila kona. Tunashuka Alfama, tunapita kanisa kuu, tunakata Baixa, tunapanda tena Chiado, halafu Estrela yenye kuba jeupe, na hakuna aliyeinua simu. Mwanamke wa hospitali alikuwa akilala kuanzia Graça na kuamka mwenyewe kabla tu ya kituo chake, kila wiki, bila kukosea. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Nilijifunza njia zangu nyingine vilevile. Kwenda darasani mchana nilichukua basi la 734, baya kwa sura na lenye nafasi. Nikitaka tramu kwa raha tu, kulikuwa na ya 24, inayotoka uwanja wa Camões kwenda Campolide: gari lilelile, mbao zilezile, na mara nyingi dirisha zima ni langu. Rafiki zangu wa darasani walinisifu kwa ujanja. Nami, nakiri, nilianza kuwacheka watalii kwenye foleni ya Martim Moniz, kana kwamba mimi nilizaliwa Graça.

Kisha ikaja Jumanne moja ya Julai. Dona aliamka na kizunguzungu, tukachelewa, tukafika kituoni saa nne kasoro. Tramu ya kwanza ilikuja imejaa hadi mlangoni. Dereva alitufungulia viganja kwa masikitiko, akapita. Ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Dona alishika maua yake yaliyofungwa gazetini, mgongo ukizidi kupinda. Ya nne ilisimama. Tulipanda kwa kusukumana, na hakuna aliyempisha kiti, nadhani si kwa ubaya. Wote walikuwa wakitazama nje. Isipokuwa kijana mmoja. Yeye alimtazama Dona, akaona kichwa cheupe, maua, dirisha la mbao nyuma yake, akainua kamera.

Nilimwambia aishushe. Kwa ukali, kwa Kiingereza, mbele ya watu. Akaomba radhi, uso umemwiva.

Nyumbani, nyanya yangu hukaa barazani jioni na buibui lake, na wageni wakimwelekezea kamera huvuta ushungi akasema nyumba ya watu hii si makumbusho. Nimemsikia tangu utotoni. Nilimsikia tena mle ndani ya tramu, na hakuwa anamsema kijana yule. Usiku ule niliifuta picha ya jirani. Kumgongea mlango na kumwambia, hilo lilinishinda.

Mwezi wa Septemba Dona akapokea barua: mwenye jengo hatauongeza mkataba. Nyumba mbili za chini zilikuwa zimeshageuzwa vyumba vya wageni wa siku mbili tatu, vyenye kisanduku cha funguo mlangoni na magurudumu ya masanduku yakigonga ngazi usiku wa manane. Binti yake alikuja kumchukua, anaishi ng'ambo ya mto Tejo. Mimi nilipata kitanda katika chumba cha watu wawili, mbali, bondeni.

Jumanne ya mwisho tulitoka saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Dereva alingoja mpaka alipoketi ndipo akapiga kengele. Kiti chake ni cha upande wa kushoto, cha tatu kutoka mbele. Hakusema neno njia nzima.

Kaburini alitoa maua ya zamani, akaweka mapya, akafuta jiwe kwa leso. Kisha akafungua mkoba, akavaa miwani na kumsomea mumewe kutoka kwenye kikaratasi: jina la barabara, namba ya nyumba, ghorofa ya pili, upande wa kulia. Akaongeza kwamba kuna lifti.

Tulipotoka getini ilikuwa saa mbili unusu na foleni ya watalii ilikuwa imeshaanza pale kituoni. Dona akaitazama, akanishika mkono, akasema twende kwanza tukanywe kahawa.