Shemeji Anaomba Chumba

Ukikaa kwenye dawati la mahusiano kama mimi, unaweza kuapa kwamba nusu ya wanaume wa mjini ni walevi na nusu iliyobaki imezama kwenye kamari. Ndivyo meseji zinavyosema. Mke analia mume hatoki baa, binti analalamika mchumba kaweka hela ya kodi kwenye mkeka na timu imemwangusha. Basi mwaka jana nikajiandikisha kozi ya jioni ya mbinu za utafiti wa uraibu, wiki 10, Jumanne na Alhamisi. Darasani kulikuwa na wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na kaka mmoja wa benki ambaye hakuwahi kusema kilichomleta.

Mimi kilichonileta nakijua. Mdogo wake mume wangu alitumia unga kwa miaka saba. Sasa yuko kwenye methadoni, ile huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2011: kila asubuhi anakwenda kliniki, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaendelea na siku. Muda wake wa kukaa soba ulikuwa unakwisha, akaomba chumba chetu cha wageni. Baba Neema alishakubali moyoni. Mimi nina mtoto wa miaka minne, na nakumbuka vizuri televisheni iliyotoka sebuleni bila kuaga. Shangazi yangu ndiye alinitia hofu zaidi. "Teja haponi mwanangu, anapumzika tu."

Somo lililonikamata mapema ni la sampuli. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Patricia Cohen na Jacob Cohen, waliandika kuhusu kile walichokiita njozi ya tabibu. Ni hivi: daktari anawaona wanaorudi. Ukiingia wodini siku moja ukahesabu watu, aliyeugua miaka 10 ana nafasi kubwa zaidi ya kukutwa pale kuliko aliyeugua miezi sita akapona. Aliyepona harudi kusalimia. Kwa hiyo daktari, tena kwa nia njema kabisa, anaamini ugonjwa ni mbaya na mrefu kuliko ulivyo kwa watu wote walioupata.

Nilicheka peke yangu. Nani ameshaniandikia, "Dada mhariri, mume wangu alikunywa bia mbili, akarudi, akala, akalala"? Na Shangazi naye, mateja anaowajua ni wale wa pale kona. Walioacha wanaendesha bajaji anazopanda kwenda sokoni, wala hajui.

Lakini utafiti uliotupeleka mbali ni wa Lee Robins, mwanasosholojia wa Washington University ya St. Louis. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliingiwa na hofu kwamba askari wake wanarudi kutoka Vietnam wakiwa wametekwa na heroini. Robins hakwenda kuwatafuta hospitalini. Alichukua orodha ya askari waliorudi Septemba mwaka ule, akachagua majina humo, na baada ya miezi kadhaa timu yake ikawafuata majumbani, ikawahoji na kuwapima mkojo. Waliohojiwa walikuwa karibu 900. Karibu nusu ya askari walikuwa wamewahi kuonja heroini au afyuni kule vitani, na kama mmoja kati ya watano alikuwa mraibu. Katika hao waraibu, waliorudia uraibu mwaka wa kwanza nyumbani walikuwa kama asilimia 5. Kwa miaka mitatu, asilimia 12.

Nilipomsimulia Baba Neema aliruka kwenye kochi. "Si unaona mke wangu! Wanapona!"

Subiri kwanza. Wale askari walivuka bahari. Waliacha nyuma vita, na heroini ya bei ya karanga, na wauzaji, na marafiki wa kuvuta nao. Wengi hawakuwa waraibu kabla ya kwenda. Shemeji hajavuka hata mto Msimbazi. Nyumba yetu iko kwenye njia ileile ya daladala inayopita maskani yake ya zamani. Nikamwambia mume wangu kwamba utafiti wake mzuri unaweza kuwa ndio unaomkatalia mdogo wake. Akanyamaza mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Kuna mbinu nyingine tulifundishwa, ya wanasaikolojia Linda na Mark Sobell. Humuulizi mtu "huwa unatumia mara ngapi?", maana swali hilo linakupa jibu la adabu. Unaweka kalenda mezani. Mnaanza na siku anazozikumbuka zenyewe: Idi, mshahara, harusi ya binamu, msiba. Kisha kati ya siku hizo mnajaza, siku moja moja, alitumia nini na kiasi gani.

Nilitaka kumfanyia shemeji kama zoezi la darasa. Mwalimu alikataa katakata, na nadhani alikuwa sahihi: mtu anayekuomba chumba hawezi kukukatalia usaili, na ridhaa ya namna hiyo si ridhaa. Ikabidi zoezi nilifanye kwa kaka wa benki (bia tu, zaidi ya alivyodhani).

Shemeji ndiye aliyesikia habari ile kwa kaka yake, akaja Jumapili na kalenda ya duka la dawa mkononi. "Shem, tujaze. Isiwe ya shule."

Tulikaa jikoni saa mbili nzima. Miezi 12. Aliweka alama mbili: moja usiku wa baada ya kumzika rafiki yake, nyingine wikiendi ya Pasaka, wenzake wote wa soba walipokwenda makwao, yeye akabaki peke yake. Alikuwa na kila sababu ya kuzificha, na mimi sikuwa na kipimo cha mkojo. Nikamuuliza kuhusu maskani. "Shem, pale daladala inasimama kila asubuhi nikienda kliniki. Nawaona, wananiita. Siku hizo hazina alama."

Mtu mmoja si sampuli, najua, mwalimu angenicheka. Ila nyumba nzima niliipima kwa daladala, na kalenda ikanionyesha usiku wa upweke.

Tumekubaliana miezi mitatu, halafu tukae tena watatu. Alihamia Jumamosi na begi moja. Pasaka ijayo hatusafiri, na hilo ndilo Baba Neema bado hajaambiwa. Televisheni nimeihamishia chumbani kwetu. Amenuna, eti mpira hauangaliwi kitandani.