Kando ya Makaburi ya Muleba

Meli kutoka Mwanza ilifika Kemondo alfajiri. Abiria wengi walibaki ndani wakisubiri Bukoba mjini. Mimi nikashuka na kupanda Hiace ya Muleba. Sikuwa nimewahi kukanyaga Kagera, na kilichonileta kilikuwa makaburi. Nilitaka kuona kinachoota juu na kando ya makaburi ya vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, vilivyoachwa, na udongo unahusikaje.

Wahaya, wenyeji wa huku, huzikwa nyumbani, ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni. Kwa hiyo nyumba ikigeuka hame, makaburi nayo hubaki bila wa kuyapalilia. Huku Muleba, katika Hospitali ya Ndolage, ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata kuna kaya zilizozika baba, zikazika mama, zikazika na vijana waliotegemewa kushika jembe.

Mama aliyenipokea alinipeleka kwenye kibanja cha shemeji yake, marehemu siku nyingi. Njia ilikatiza rweya, zile mbuga za nyasi zinazozunguka vijiji vyote. Udongo wake ni mwepesi, umepauka, umetokana na mawe ya mchanga na kuoshwa na mvua ambayo upande wa ziwa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo imeondoka na kalsiamu na potasiamu, ikaacha tindikali. Tindikali ikizidi, alumini huyeyuka na kudumaza ncha za mizizi. Nyasi huvumilia, njugumawe hujitahidi, mgomba hauwezi.

Hatua chache mbele tukaingia kibanjani, na udongo ukawa mweusi. Mwamba ni uleule, mvua ni ileile. Weusi huo umetengenezwa na watu: nyasi zilizokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, samadi, majivu, maganda ya jikoni, kizazi baada ya kizazi. Baijukya na mwenzake, katika utafiti wao wa Bukoba uliochapishwa 1998, walihesabu virutubisho vinavyoingia na kutoka kwenye vibanja, na ng'ombe akaonekana kuwa nguzo: asipokuwepo, shamba hutoa kuliko linavyopokea.

Sasa hapa hakukuwa na ng'ombe wala mtu. Migomba iliyosalia ilikuwa myembamba, majani yake ya chini yamegeuka manjano na kukauka kuanzia ncha, dalili ya njaa ya potasiamu. Potasiamu na naitrojeni huondoka na maji. Fosforasi haiondoki hivyo. Hushikwa na chuma na alumini, ikakaa karne na karne. Msweden Olof Arrhenius alipokuwa akipima udongo wa mashamba ya viazisukari karne iliyopita, aligundua kuwa fosfati nyingi huonyesha mahali watu walipoishi zamani. Hapa pia, pale lilipokuwa zizi, mnavu na mchicha pori vilikuwa vimefika kiunoni.

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba. Wengi hudhani kaburi hurutubisha ardhi kuliko chochote, lakini juu ya yale ya udongo mtupu kulikuwa na nyasi ngumu kama za rweya, na miti ya milamula iliyopandwa kuwa alama. Sababu iko kwenye kuchimba. Kaburi likichimbwa, udongo mwekundu wa chini, wenye tindikali na alumini, hutoka na kurundikwa juu, na ule mweusi hufukiwa. Mwili wa mtu mzima una fosforasi ya takriban gramu 700 na kalsiamu ya kama kilo moja, navyo viko chini sana, wakati mizizi mingi ya mgomba haipiti nusu mita. Tindikali hulainisha mifupa polepole, lakini fosforasi inayotoka hunaswa papo hapo.

Kaburi la saruji lilikuwa na habari nyingine. Mvua hutoa chokaa kidogo kidogo kwenye saruji, nayo hupunguza tindikali pembeni. Kulizunguka kulikuwa na ukanda mwembamba wa kongwe na kishona nguo, kijani kibichi, kisha ghafla nyasi ngumu zikaanza tena.

Nilisimama hapo nikiwa na huzuni, na pia heshima kubwa. Marehemu hawa walirutubisha kibanja walipokuwa hai, kwa mafurushi ya nyasi kichwani; miili yao imeongeza kidogo mno juu ya kazi ya mikono yao.

“Mwanangu, mtoto wa marehemu anataka kurudi kulima,” mama akasema. “Aanzie wapi?”

Nikamshauri aanzie zizini, kwa kuwa fosforasi bado ipo pale. Kinachotakiwa ni samadi na majivu kurudisha potasiamu. Akauliza kama majivu ya mkaa yanafaa sawa na ya kuni. Yanafaa, nikamwambia, mradi yasinyeshewe uani kabla ya kufika shambani, maana potasiamu huondoka na maji ya kwanza.