Kusimama mbele ya komite ya kredi bila kutetemeka



Juma hili tuzungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaikimbia: kusimama mbele ya watu wa pesa na kueleza mradi wetu. Kuuza tunajua. Mama anayeketi Kadutu na beseni ya sambaza anamsimamisha mpita njia kwa maneno mawili. Lakini mama huyo huyo akiitwa ofisini, mbele ya meza ya watu wanne wenye kalamu, sauti inapotea. Na hasara ni yake, maana kredi haipewi mradi mzuri tu, inapewa mradi ulioeleweka.

Mimi ni mmoja wa wamama 18 tunaopika sabuni ya mafuta ya mawese hapa Bukavu. Tulihitaji dola 600 ili tununue mafuta mengi kwa mara moja, bei ikiwa bado chini. Kikundi kilinichagua niwe msemaji. Mzigo haukuwa mdogo. Kila mama anaweka dola 1 kwa juma katika kese yetu, na kese hiyo ndiyo ilikuwa dhamana. Kati yetu kulikuwa mjane mwenye binti wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anayengoja mtihani wa Serikali. Shule ya msingi ya Serikali ilifanywa bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa wenyewe. Mradi ukianguka, masomo ya binti huyo yanaanguka pamoja nao.

Kabla ya yote tulijifunza haki yetu. Katika ofisi moja ya kwanza, mfanyakazi alitwambia kila mwenye ndoa alete barua ya ruhusa ya mume. Zamani ilikuwa hivyo kweli: Kodi ya Jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuweka sahihi. Lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Kuzungumza na mume nyumbani ni jambo jema, ni amani ya nyumba. Kulazimishwa barua ofisini ni jambo lingine. Tuliondoka pale kwa heshima, tukaenda kwa koperativa nyingine ya akiba. Mama anayejua sheria anaingia na mgongo ulionyooka.

Halafu kuna lugha. Wengi wetu tunafikiri mbele ya komite lazima Kifaransa. Kifaransa ni lugha ya ofisi, lakini Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Nilimuuliza prezida wa komite kwa adabu: “Papa, mtaniruhusu niseme kwa Kiswahili, ili wenzangu wote wafuate?” Akakubali palepale. Karatasi tuliyowaachia ilikuwa kwa Kifaransa, iliandikwa na sekretere wetu. Mdomo uliongea lugha inayotuletea wateja kila siku.

Tulifanya mazoezi mara tatu katika parsela ya mama prezida. Tulimwita jirani anayeuza sombe, mtu asiyejua chochote juu ya sabuni, tukamwambia: mahali usipoelewa, inua mkono. Aliinua mkono nilipotaja “fondi za kuzungusha”. Tukabadilisha tukasema: pesa ya kununulia mafuta kabla sabuni ya kwanza haijauzwa. Hakuinua tena. Watoto nao walikuwa waamuzi wazuri, kwa maana walipoanza kucheza tulijua maneno yamekuwa marefu.

Siku yenyewe hatukuanza na historia ya kikundi, wala na shukrani ndefu. Tuliweka juu ya meza kipande cha sabuni, beseni ya maji, na kitambaa chenye doa la mawese. Mama mpishi akafua kimya. Kitambaa kilipotoka cheupe, watu wanne walikuwa wameacha simu zao. Hapo ndipo niliposema sentensi moja: “Tunaomba dola 600, tutarudisha dola 118 kila mwezi kwa miezi sita, na sasa tutawaonyesha zitatoka wapi.”

Mtunza kese akashika hesabu. Kupika mara moja kunakula bidoni 2 za mafuta kwa dola 44, soda kostiki kilo 5 kwa dola 10, kuni na usafiri dola 6. Jumla dola 60. Tunapata vipande 100, tunaviuza dola 80. Faida dola 20. Tunapika mara 8 kwa mwezi, basi faida ni dola 160. Tukilipa 118 tunabaki na 42. Aliandika tarakimu hizo kwa kalamu nene juu ya karatasi kubwa, moja chini ya nyingine. Hakuna umeme uliohitajika, wala mashine ya kuonyesha picha ukutani.

Kisha likaja swali, na swali ndilo mtihani wenyewe. Papa mmoja akasema: “Mafuta yenu yanatoka Fizi. Mvua ikiharibu barabara ya Ngomo, bei ikipanda, mtalipa na nini?” Tulikuwa tumeliandaa. Mtunza kese hakusema “Mungu atasaidia”, wala hakukasirika. Alijibu: “Bidoni ikipanda toka 22 hadi 25, faida yetu inashuka hadi dola 112 kwa mwezi. Tutapungukiwa dola 6. Kese yetu inapokea dola 18 kila juma. Dola hizo 6 zitatoka humo.” Papa yule aliandika, akatikisa kichwa kwamba ameridhika. Naamini kredi yetu ilikubaliwa dakika ile, hata kama barua ilifika siku tisa baadaye. Mtu anayekupa pesa hatafuti mama asiye na shida. Anatafuta mama aliyeiona shida kabla yake.

Tumemaliza kulipa. Binti wa mjane aliingia katika chumba cha mtihani pamoja na wenzake, ada yake imelipwa yote.

Ninyi mnaopanga kuomba kredi, au kuonyesha bidhaa kwa mwenye duka, jaribuni hivi katika mkutano wenu ujao. Kila mama asimame dakika tatu. Aonyeshe kitu chenyewe kwa mikono, si kwa maneno. Aseme anaomba kiasi gani na atarudisha lini. Ataje tarakimu zisizozidi tano. Kisha wenzake wamwulize swali gumu kuliko yote wanalolijua, bila kumhurumia. Afadhali akose jibu mbele ya dada zake, akalitafute nyumbani, kuliko kulikosa mbele ya komite. Na mama mwenye aibu msimwache nyuma: mpeni sehemu fupi, hata kufua kitambaa tu. Mpishi wetu hakusema neno siku ile, na ndiye waliyemkumbuka.