Bendi Zinapokutana Ngome Kongwe

Msomaji, ni lini mara ya mwisho uliposimama mbele ya bendi ukaona vidole vikigusa nyuzi za gitaa na sauti ikatoka papo hapo? Si ajabu siku hizi kulipa kiingilio katika ukumbi wa mjini, kisha ukamkuta mwimbaji amesimama peke yake akichezesha midomo huku wimbo uliorekodiwa ukimfanyia kazi. Iwapo umechoshwa na mchezo huo, funga safari mwezi wa Februari uende Unguja, kwenye tamasha la Sauti za Busara.

Tamasha hili lilianza mwaka 2004 na lina sharti moja kubwa: kila anayepanda jukwaani hupiga na kuimba moja kwa moja. Kwa siku kadhaa utasikia taarabu, ngoma za kienyeji, rege, rumba na magitaa mazito ya vijana, kutoka visiwani, bara na pembe nyingine za Afrika.

Ukiwa Mombasa, panda basi lipitalo Lunga Lunga na Tanga hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo kuna boti ziendazo kasi, na baada ya saa mbili hivi utaanza kuziona nyumba za Mji Mkongwe. Beba pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na usishangae ukikaguliwa tena bandarini Unguja ijapokuwa umetoka Dar. Tafuta mahali pa kulala mapema, kwani wageni hujaa. Unapofungasha nguo, kumbuka kwamba unakwenda katika mji wa Waislamu. Yafunike mabega na magoti, nawe utapokewa kwa heshima.

Kwa miaka mingi jukwaa kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, hatua chache kutoka bustani ya Forodhani. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Katika karne ya 19 ngome ilitumiwa kuwa gereza. Fikiria basi: kuta zilizojengwa kuzuia watu kuingia, na baadaye kuwazuia kutoka, leo zinazuia tu sauti ya ngoma isipotee baharini.

Usikose maandamano ya ufunguzi. Beni hupuliza tarumbeta, wapiga ngoma na wanasarakasi hupita mitaani, na watoto wa mji hufuata nyuma wakicheza. Burudani hii haina kiingilio, na kwa familia yenye watoto wadogo huenda ikawa ndiyo bora kuliko zote. Baadaye wapeleke Forodhani wakale mishikaki, urojo na juisi ya miwa kabla ya kuingia ngomeni.

Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vyema. Ingia mapema! Wengi wetu tuna desturi ya kuuliza bendi kubwa itapanda saa ngapi, kisha tunafika saa hiyo. Bendi ya kwanza huachiwa nyasi na viti vitupu. Lakini aghalabu bendi hiyo ndiyo ya vijana wenyeji, labda waliofunzwa udi na ganuni katika chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 2002. Kikundi cha Culture Musical Club, kilichozaliwa mwaka 1958, na marehemu Bi Kidude, aliyeaga dunia Aprili 2013, wote walitumbuiza katika tamasha hili. Hapana mkongwe ambaye hakuwahi kuwa mgeni kwa masikio ya watu.

Bendi moja ikishuka, usikimbilie nje. Tazama mafundi wanavyohamisha ngoma, wanavyobadilisha nyaya na kujaribu vipaza sauti. Mwonyeshe mwanao kwamba muziki ni kazi ya mikono mingi.

Mikono hiyo mingi ndiyo gharama yenyewe. Mwimbaji mmoja mwenye wimbo uliorekodiwa huhitaji nauli moja na kitanda kimoja. Kikundi cha taarabu chenye watu kumi na watano huhitaji nauli kumi na tano, na vyombo vyao pia ni mzigo. Ndiyo maana waandaaji wengi wa maonyesho huikwepa bendi. Sauti za Busara nayo hutoza wenyeji kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, ili mwenye mji asifungiwe nje ya sherehe yake, kwa hivyo fedha za mlangoni pekee hazitoshi. Mwaka 2016 fedha za wafadhili zilipopungua, tamasha halikufanyika kabisa. Lilirudi mwaka 2017, lakini mwaka ule mtupu ulitufunza jambo: ngoma inaweza kunyamaza hata kama wapigaji wapo na mikono yao ni mizima.

Iwapo safari ya Unguja ni ndefu mno kwa mfuko wako mwaka huu, usihuzunike. Uliza mtaani kwako ni wapi bendi hupiga moja kwa moja, iwe ni hotelini, kanisani au uwanjani siku ya sherehe. Nenda na watoto, lipa kiingilio bila kunung'unika, na ufike kabla ya wimbo wa kwanza. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Lakini atatuzwa na nani, iwapo sisi wa kwao tutafika wakati nyaya zinakunjwa?